Hizo "reserved" kwenye VM yako ni za nani? Kusoma ramani ya memori ndani ya KVM, hatua kwa hatua

Mtu akianza kucheza na KVM (sehemu ya Linux inayoendesha VM, yaani mashine pepe) lazima atauliza tu: nimeipa VM gigabaiti 2, mbona amri ya free inaonyesha pungufu, na hizo "reserved" (maeneo ya memori yaliyotengwa) kwenye dmesg (ujumbe wa kerneli) ni za nani wakati VM haina BIOS ya kweli? Twende nayo taratibu, kwanza ndani ya VM halafu tutoke nje kwenye mashine mama. Cha kushika mapema ni kwamba ramani ya memori ya VM inatungwa na QEMU (programu inayoiga vifaa vya VM) na haina uhusiano wowote na ramani ya mashine mama, mpaka siku utakapoipa VM kifaa cha kweli, kama kadi ya netiweki, hapo ramani mbili zinakutana na ndo kelele zinaanza.

Unahitaji Linux yenye KVM, prosesa ya x86, na uwe root. Mfano wangu ni VM ya aina ya q35 (mojawapo ya mashine ambazo QEMU inaziiga), RAM gigabaiti 2, inabuti kwa SeaBIOS, ambayo ndo fimwea yake, yaani programu ya kuwashia mashine.

Hatua ya 1: chungulia ramani

Ndani ya VM:

    sudo dmesg | grep -i e820

Utapata kitu kama hiki (kwako namba zinaweza kupishana kidogo, usishtuke):

    [mem 0x0000000000000000-0x000000000009fbff] usable
    [mem 0x000000000009fc00-0x000000000009ffff] reserved
    [mem 0x00000000000f0000-0x00000000000fffff] reserved
    [mem 0x0000000000100000-0x000000007ffdbfff] usable
    [mem 0x000000007ffdc000-0x000000007fffffff] reserved
    [mem 0x00000000b0000000-0x00000000bfffffff] reserved
    [mem 0x00000000fed1c000-0x00000000fed1ffff] reserved
    [mem 0x00000000feffc000-0x00000000feffffff] reserved
    [mem 0x00000000fffc0000-0x00000000ffffffff] reserved

E820 ni namba ya huduma ya BIOS ya zamani: unaita intarapti 15h huku rejista AX ina E820h, BIOS inakurudishia eneo moja moja, linaanzia wapi, refu kiasi gani, aina gani. Aina 1 ni RAM ya kutumia, 2 usiguse, 3 ni majedwali ya ACPI (maelezo ya vifaa na umeme ambayo fimwea inaipa kerneli) ambayo kerneli ikishayasoma inaweza kuichukua nafasi yake, 4 ni ACPI NVS, hiyo hata ukishabuti huigusi. Ukibuti kwa UEFI (yaani OVMF) dmesg bado itaandika BIOS-e820, sababu Linux inaigeuza ramani ya UEFI iwe na umbo hilohilo, ila mistari inakuwa mingi zaidi.

Hatua ya 2: soma mstari kwa mstari

9fc00 ni kilobaiti 1 tu, mabaki ya enzi za DOS, BIOS inaweka vitu vyake humo. f0000 ni kodi ya SeaBIOS. Kati ya a0000 na effff hakuna mstari kabisa, na eneo ambalo halijatajwa kerneli hailihesabu kuwa RAM. Dirisha la VGA liko humo. 7ffdc000 ni kilobaiti 144 za juu kabisa kwenye RAM ambazo SeaBIOS imezikata kuweka majedwali ya ACPI na mizigo yake mingine.

b0000000 sasa, megabaiti 256, hapa ndo wengi wanaumia roho bure. Hiyo siyo RAM! Ni adresi tu za kufikia mipangilio ya vifaa vya PCI Express, na RAM yetu iliishia 7fffffff. Piga hesabu ya RAM iliyochukuliwa na fimwea kweli, ukijumlisha na lile pengo la a0000 mpaka fffff, haifiki hata megabaiti 1. Ile pungufu unayoiona kwenye free inatoka zaidi kwa kerneli yenyewe, kila peji ya kilobaiti 4 inaandikiwa kumbukumbu ya baiti 64, kwa gigabaiti 2 tayari ni megabaiti 32 hapo, bado kodi ya kerneli na initrd (mafaili ya mwanzo ya kubuti).

Mstari ninaoupenda mimi ni feffc000. Kilobaiti 16, peji 4. Prosesa za Intel za zamani zilikuwa haziwezi kuendesha moja kwa moja kodi ya biti 16 ndani ya VM, na kila buti ya BIOS inaanza na kodi ya biti 16, kwa hiyo KVM inazunguka kwa kutumia modi ya vm86 (ya kuendeshea kodi ya biti 16), na hiyo inataka peji 3 za TSS (jedwali la prosesa la kutunzia hali ya kazi) na peji 1 ya jedwali la adresi, na lazima zikae ndani ya adresi za VM yenyewe. QEMU inachofanya ni kuliandika eneo hilo "reserved" kwenye e820 basi. Yaani mwenye eneo ni haipavaiza (KVM yenyewe), lakini kerneli ya VM inaambiwa kana kwamba fimwea ndo imesema, na inatii bila kuuliza.

Hatua ya 3: ona kerneli ilichobadilisha

Kerneli haiamini ramani kichwa kichwa. Kwenye dmesg ileile tafuta:

    e820: update [mem 0x00000000-0x00000fff] usable ==> reserved
    e820: remove [mem 0x000a0000-0x000fffff] usable

Peji ya kwanza inanyang'anywa hata kama BIOS imesema ni halali, kwa vile BIOS nyingi zina tabia ya kuandika andika huko chini. Toka Linux 5.13 ya 2021 kerneli ya x86 inaiweka kando megabaiti 1 ya kwanza yote. Ukitaka ramani ya asili, kabla kerneli haijaweka mkono, iko hapa:

    for d in /sys/firmware/memmap/*; do echo $(cat $d/start $d/end $d/type); done

Ramani inayotumika sasa iko /proc/iomem. Isome kama root, la sivyo utaona masifuri matupu.

Hatua ya 4: jitengee eneo mwenyewe

Anzisha VM upya, kwenye menyu ya GRUB bonyeza e, na mwisho wa mstari wa linux ongeza:

    memmap=64M\$0x40000000

Huo mkwaju wa nyuma usiusahau, maana GRUB ikiona $ bila mkwaju inadhani ni jina la variabo na inaila, kerneli inabaki na ukubwa wa 64M tu na inaelewa kwamba RAM yote inaishia megabaiti 64, VM haifiki popote. Ikishabuti sawasawa:

    sudo grep -i 40000000 /proc/iomem

Utaona 40000000-43ffffff : Reserved. Sasa rudia ile ya /sys/firmware/memmap, hakuna kilichobadilika, pale bado ni kauli ya fimwea.

Hatua ya 5: toka nje, kwenye mashine mama

Mpaka hapa adresi f0000 ya VM na f0000 ya mashine mama hazijuani, EPT ya Intel au NPT ya AMD (majedwali ya adresi ndani ya prosesa) inatafsiri katikati. Ila kifaa cha kweli kikiingizwa kwa VFIO (njia ya Linux ya kuipa VM kifaa) kinapiga DMA, yaani kinasoma na kuandika memori moja kwa moja, kwa adresi za VM, IOMMU (kitafsiri adresi cha vifaa) ndo inatafsiri, na fimwea ya mashine mama inaweza kuwa na masharti yake:

    grep . /sys/kernel/iommu_groups/*/reserved_regions

fee00000 mpaka feefffff, aina msi, ni kawaida, intarapti zinapita hapo. Ya kuogopa ni "direct". Kwenye Intel inatokana na RMRR (eneo la memori ambalo fimwea imelitengea kifaa), fimwea inasema kifaa hiki lazima kiendelee kuifikia memori hii kwa adresi zilezile. Kuna seva ambazo kadi zake zinaripoti hali zao kwa chipu ya usimamizi kupitia memori ya namna hiyo, mfumo wa uendeshaji hauhusishwi. Ukimpa VM kadi hiyo, adresi hizo kwa VM ni RAM ya kawaida, na kifaa kinaweza kuandika juu ya data ya mtu. Ndo maana toka 2014 Linux inakataa, kwenye kerneli za zamani kwa maneno haya (mpya zinaandika tofauti kidogo):

    Device is ineligible for IOMMU domain attach due to platform RMRR requirement. Contact your platform vendor.

QEMU yenyewe itakuambia tu "Operation not permitted", utahangaika na ruhusa za mafaili siku nzima wakati jibu liko kwenye dmesg ya mashine mama.

Ukiona "direct-relaxable" endelea tu, hizo ni USB na grafiksi za ndani ambazo fimwea inazihitaji wakati wa kubuti, dereva akishika usukani basi.

Ukiona "direct" tupu, anza na BIOS ya seva, mtengenezaji anaweza kuwa ameweka sehemu ya kuzima hiyo RMRR kwa sloti husika, au jaribu kuhamishia kadi sloti nyingine. Zipo pachi za kerneli zinazoondoa ukaguzi huo, kwenye maabara ya nyumbani sina neno, kwenye seva yenye data za watu mimi siweki.

Kwenye AMD kuna "reserved" moja kubwa, fd00000000 mpaka ffffffffff, gigabaiti 12 chini kidogo ya terabaiti 1. VM ndogo haiigusi kabisa, ila kama RAM ya VM ni kubwa kiasi cha kufika huko na una VFIO, hakikisha QEMU ni 7.1 kwenda juu, hiyo inaihamisha RAM iliyo juu ya gigabaiti 4 ianzie kwenye terabaiti 1 ili iliruke shimo lote.