Super Cub ikishagusa ardhi, miguu isilale

Wanafunzi wengi wanaonijia hapa uwanja wa ndege wa Wilson kujifunza Super Cub, ndege ndogo ya gurudumu la mkia, wana leseni tayari. Wameizoea ndege ya gurudumu la pua, na swali lao la kwanza huwa ni la kugusa: nivute fimbo ya kuongozea nikiwa futi ngapi? Kugusa mtakuzoea, huwa nawaambia. Ndege ya gurudumu la mkia huharibika ikiwa imeshatua, mwendo umepungua, rubani ameshashusha pumzi. Hapo ndipo pua huenda kando, mkia ukaja mbele, ncha ya bawa ikakwaruza lami na mguu wa gurudumu ukakunjika. Marubani huita graundilupu.

Chanzo ni mahali uzito ulipo. Ndege ya gurudumu la pua ina kitovu cha uzito mbele ya magurudumu makuu, kwa hiyo ikipinda hujinyoosha. Yetu kitovu chake kiko nyuma ya magurudumu hayo. Chukua toroli la supamaketi, lisukume likitanguliza upande wa mpini, kisha uliachie uone linavyogeuka. Na kadiri pua inavyopinda ndivyo nguvu ya kuipindisha inavyokua. Digrii mbili utazirekebisha kwa ncha ya kiatu kwenye pedali za usukani wa mkia. Zikifika ishirini, hata breki huenda isikusaidie.

Hapa Nairobi kuna la ziada. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 25, kipima mwendo kikisoma 50, magurudumu yanakimbia kama 56 hata pasipo upepo, kwa kuwa hewa ya huku juu ni nyepesi. Nishati ya kukutupa nje ya njia ya kurukia inazidi ya mwenzako anayetua Malindi kwa karibu asilimia 20. Kwa hiyo usiongeze mwendo "wa tahadhari" unapokaribia kutua. Tahadhari hiyo utailipia chini.

Kabla ya kuwasha injini, angalia viatu. Buti la soli nene siruhusu. Vaa raba nyepesi, hata zile za Ngoma za Bata zinafaa sana. Kisha kaa kiti cha mbele ndege ikiwa imesimama, mkia chini, utazame nje dakika kadhaa. Pua itaziba sehemu kubwa ya mbele. Kariri ardhi inayoonekana kushoto na kulia kwake, kwa kuwa picha hiyohiyo ndiyo utakayoitaka wakati wa kugusa kwa magurudumu matatu pamoja. Pitia na gurudumu la mkia: springi zisilegee, tairi isiwe laini, na likigeuzwa lisigome.

Sasa miguu. Mimi huketi nyuma ya mwanafunzi, miguu yangu ikigusa pedali za nyuma ambazo zimeungana na zake, kwa hiyo najua alalapo. Mguu uliokufa hauna hata mtetemo. Kisha ghafla unakuja teke moja refu, kwa kuwa ameona pua imeshakwenda. Teke hilo akilishikilia, ndege inarudi katikati, inapita, inaelekea upande wa pili kwa kasi kubwa kuliko ya kwanza. Dawa ni kukanyaga kidogo na kurudisha hapohapo, kabla pua haijamaliza kuitika. Kanyaga, rudisha. Macho yaende mwisho kabisa wa njia, si mbele ya propela, maana kwa karibu hutaona mwendo wa kando mpaka umekuwa mkubwa.

Ukishagusa kwa magurudumu matatu, vuta fimbo mpaka tumboni na uiache hukohuko, ili gurudumu la mkia libanwe chini na kuongoza. Ila kama uligusa na mwendo mwingi, ukiivuta kwa pupa utapaa tena.

Upepo ukitoka kushoto, inamisha bawa la kushoto kwa fimbo, na mguu wa kulia uinyooshe pua. Gurudumu kuu la kushoto litagusa mapema; liache. Ukigusa huku ndege inateleza kando, graundilupu umeshaianza. Baada ya kugusa, wengi hurudisha fimbo katikati kama kwamba upepo umekwisha. La! Kadiri mwendo unavyopungua, izidishe upande wa upepo mpaka ikomee, kwa sababu usukani wa mkia unakosa hewa ya kuusaidia huku upepo ukiendelea kuusukuma mkia. Upepo ukikuzidi, Wilson ina njia mbili zinazokatana, 07/25 na 14/32. Omba ile nyingine. Kwenye viwanja vya vumbi vya Kajiado huna anasa hiyo, na adhuhuri kuna kisulisuli, basi tua asubuhi. Nyasi na vumbi husamehe kidogo, kwani tairi huteleza. Lami huing'ang'ania.

Pua ikianza kukutoroka mapema na mwendo ungalipo, sukuma nguvu zote za injini: upepo wa propela utaupa usukani uhai, nawe uondoke ukazunguke tena. Ikiwa imeshaelekea nje ya njia, usijaribu kupaa. Funga nguvu, fimbo tumboni na upande ule bawa linakoinuka, kanyaga usukani wa upande wa pili mpaka mwisho, kisha breki ya upande huohuo. Breki za Super Cub nyingi ni za visigino, kwa hiyo zoea kuzitafuta ndege ikiwa imesimama.

Kutua kwa magurudumu mawili ya mbele tutafika baadaye. Kuna walimu wanaoanza nako. Mimi naona kunamzoesha mwanafunzi mwendo ambao miguu yake bado haijaumudu.

Ukirudi kuegesha na upepo uko nyuma yako, fimbo iende mbele, si tumboni, usije ukainuliwa mkia. Na miguu iendelee kucheza mpaka propela isimame.