Kabla hujagawa karatasi za mtihani

Nafundisha hisabati. Miaka ya mwanzo nilikuwa na hotuba yangu kabla ya kila jaribio: "Wasichana, leo wazibeni midomo wanaosema hesabu hamziwezi!" Nikidhani nawatia moyo. Siku moja nikasimama nyuma ya binti ambaye ubaoni hakuwa na mpinzani. Swali la kwanza alikuwa amelifuta mara tatu, karatasi imeanza kutoboka, na jibu alilolifuta bado lilisomeka. Lilikuwa sahihi. Baadaye akaniambia: "Mwalimu, nilikuwa nawaza, nikikosa watasema si tulisema."

Yaani nusu ya akili ilikuwa kwenye hesabu, nusu inajibizana na watu wasiokuwepo. Mwaka 1995 wanasaikolojia Claude Steele na Joshua Aronson waliwapa wanafunzi weusi na weupe wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, maswali magumu ya lugha. Walioambiwa kwamba unapimwa uwezo wao, weusi walishuka. Walioambiwa ni zoezi tu la kuchunguza jinsi watu wanavyofumbua maswali, pengo lilipungua. Katika jaribio jingine, kuulizwa tu rangi yao kabla ya kuanza kulitosha kuwashusha wale weusi.

Kwa hiyo anza na karatasi yenyewe. Nafasi ya kujaza jinsia au kabila ipeleke mwisho, au iondoe.

Kisha ulimi wako. Usilitaje kundi, hata kwa kulisifia. Sema jaribio ni la nini: "Hili litanionyesha nirudie kufundisha wapi." Ila liwe kweli; wanafunzi hunusa uongo haraka. Waambie pia waziwazi kwamba moyo unaweza kwenda mbio kwa sababu ya maneno ya watu, na kwamba hiyo si dalili ya kutojua.

Penye kazi hasa ni kusahihisha. Mwanafunzi wa kundi linalosemwa vibaya akiona wino mwekundu anabaki na fumbo: kazi yangu ni mbaya, au mwalimu alishaniona hivyo tangu zamani? Ukikwepa kwa kumpa "vizuri sana" ya bure, umemtukana kwa upole. Mimi huandika hivi: "Nimekuandikia mengi kwa sababu nakudai kazi ya kiwango cha juu, na najua utakifikia. Rudi mstari wa nne: umeivusha 3x bila kubadili alama." Vyote vitatu viwepo, yaani kiwango, imani, na kosa lenyewe. Kiwango bila imani ni ukali mtupu.

Kwa anayejiona mgeni darasani, mwite wa mwaka wa mbele aje asimulie. Usimlete kinara, mlete aliyekaribia kuacha. Wanasaikolojia Greg Walton na Geoffrey Cohen walichapisha mwaka 2011 kwamba wanafunzi weusi wa chuo waliosikia kuwa shaka hiyo ya kujiona mgeni huwapata wengi na hupita, walipanda alama kwa miaka mitatu.

Usitarajie muujiza, lakini. Utafiti mkubwa wa Uholanzi wa 2018 haukuona athari hii ya kushuka kwa kukumbushwa kundi lako kwa wasichana wa sekondari. Na asiyejua kanuni hataijua kwa kuhamishiwa kisanduku.

Siku hizi nagawa karatasi, nataja muda wa kumaliza, nanyamaza. Kile kisanduku cha jinsia huku mwisho wengi husahau kukijaza. Ofisi hunilalamikia, nami hukaa jioni nawajazia mmoja mmoja.