Kufungua parokia kwa Misa wakati wa korona: anza na futi kamba

Kenya iliporuhusu ibada tena Julai 2020, sharti lilikuwa watu wasiozidi 100, kwa saa moja. Walio chini ya miaka 13 na waliozidi 58 walibaki nyumbani. Lakini 100 kilikuwa kikomo tu, na kanisa lako huenda lisingefikia hata nusu yake. Kwa hiyo kabla ya kununua ndoo za kunawia mikono, chukua futi kamba.

Benchi la mita 3.5, kwa nafasi ya mita 1.5 kati ya mtu na mtu, linakaliwa na watatu. Ruka benchi moja kila mara. Kanisa lenye mabenchi 24 linabaki na 12, yaani watu 36. Mabenchi yasiyotumika yafungwe kamba. Karatasi ya kukataza hung'olewa kabla ya Gloria, wimbo wa mwanzoni mwa Misa. Sasa gawanya nafasi hizo kwa jumuiya ndogondogo, na mwenyekiti wa kila jumuiya alete majina ifikapo Ijumaa. Ukiacha watu waje kwa kuwahi, ugomvi utahamia mlangoni, na wakaribishaji hawataumudu.

Homilia isizidi dakika 10. Matangazo yatumwe kwa simu. Kati ya Misa na Misa acha dakika 45, madirisha yote wazi. Watu waingie mlango mmoja na kutokea mwingine. Kipimajoto kiwekwe kivulini, maana paji la uso lililopigwa jua husoma homa isiyokuwepo.

Mabenchi husafishwa kwa sabuni kwanza, kwa sababu uchafu hula klorini. Kisha dawa: klorini ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa maji 34, sawa na mililita 570 hivi katika dumu la lita 20 lililojaa. Tumia maji baridi, changanya upya kila siku, usitie siki wala dawa nyingine ya choo, kwani gesi yake hudhuru mapafu. Acha dakika 10, kisha pangusa. Kalisi (kikombe cha divai) na siborio (chombo cha hostia) zisiguswe na klorini, huharibu madini yake. Maji ya moto na sabuni yatosha.

Penye hatari zaidi ni komunyo. Hostia, yaani mikate ya komunyo, za waamini zikae kwenye siborio yenye kifuniko, mbali na pumzi ya padri, tangu vipaji (mkate na divai) viletwe altareni mpaka kugawa. Padri avae barakoa na kutakasa mikono kabla tu ya kushuka, na aisubiri ikauke kabisa: jeli mbichi hunata kwenye hostia, na spiriti karibu na mshumaa huwaka. Hostia itolewe mkononi, na muumini aile palepale akiwa amesogea pembeni, asiondoke nayo. Mkono wa padri ukigusa kiganja cha muumini, asimame atakase tena. Foleni itapungua kasi, basi ihesabu ndani ya ile saa moja.

Vyombo vya maji ya baraka vikaushwe. Kwaya iwe ya watu wachache, wenye nafasi kubwa kuliko wengine, kwani kuimba hurusha mate mbali. Kapu la sadaka likae mlangoni, lisipitishwe, na namba ya M-Pesa ibandikwe juu yake. Maungamo yafanyike nje au kwenye ukumbi wenye hewa. Kile chumba kidogo cha kitubio kibaki kimefungwa.

Daftari la majina na simu, ukurasa mmoja kwa kila Misa, lifungiwe ofisini angalau majuma 3. Likiachwa mezani mlangoni, kila anayeingia atasoma namba za wenzake, na Jumapili ijayo watu wataandika za uongo.