Somo: Jinsi ya kuchagua mchezo wa mezani wa kutoa zawadi sikukuu hii

Habari za Desemba wakuu. Shule zimefungwa, mvua za Dodoma ndiyo zinaanza, na wageni wa Krismasi wako njiani, wengine wanashuka na treni ya SGR kutoka Dar. Msimu huu swali huwa ni lile lile: nimpe nini mtoto, au shemeji, au baba mkwe, ambacho si nguo wala simu?

Jibu langu ni mchezo wa mezani: ludo, drafti, bao, karata, dhumna, au ile ya maboksi makubwa inayotoka nje. Tatizo ni kwamba mingi inayonunuliwa Desemba hulala juu ya kabati kufikia Januari, na mara nyingi mchezo wenyewe hauna kosa. Nyumba ile haikuwa na mtu wa kuelekeza sheria. Boksi linafunguliwa, kijitabu kinageuzwa geuzwa, mtu anasema "tutacheza kesho", kwisha habari. Ndiyo maana tunaanza na watu, dukani tutafika baadaye.

HATUA YA 1: Jua watakaokaa kucheza

Usihesabu watoto wa nyumba ile, hesabu watakaokuwepo tarehe 25 na 26 jioni. Drafti, bao na chesi ni vya watu wawili, wengine watazamaji (na watazamaji wa drafti kwetu hawanyamazi, hiyo ni sehemu ya mchezo). Ludo ya kawaida ni ya watu wanne. UNO, ile ya karata za rangi na namba, inabeba watu 2 hadi 10, kwa hiyo nyumba yenye wageni wengi ingeanza nayo. Catan, mchezo wa Kijerumani wa mwaka 1995 ambao watu wa mjini wameanza kuuagiza, ni wa watu 3 hadi 4. Ukiupeleka kwenye nyumba ya wana ndoa wawili wasio na watoto, umewapa pambo.

Watu wakizidi, wapange wawili wawili. Ludo ya rangi nne inachezwa na watu wanane vizuri tu: mmoja anarusha dadu, mwenzake anaamua kete ipi isogee. Mtoto mdogo akiunganishwa na shangazi yake hapo, hakuna kilio.

HATUA YA 2: Angalia umri, lakini uelewe ile namba

Alama ya kukataza walio chini ya miaka 3 haisemi lolote kuhusu akili ya mtoto. Inahusu vipande vidogo kuingia kooni. Nyumba yenye mtoto anayetambaa, dadu na kete za ludo ni hatari hata kama mchezo ni wa kaka yake.

Zile namba nyingine, 8+ au 10+, ni makadirio ya uvumilivu. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kujifunza chesi akipata wa kukaa naye. Nyoka na Ngazi hauhitaji akili yoyote, dadu ndiyo inaamua, lakini ubao wenye namba 1 hadi 100 unamfundisha mtoto kuhesabu bila yeye kujua anafundishwa.

HATUA YA 3: Lugha iliyomo ndani ya boksi

Hapa ndipo pesa nyingi inapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua Scrabble, ule wa kupanga vipande vya herufi kuunda maneno. Ni mchezo mzuri sana kwa anayependa Kiingereza. Wazazi wengi hununua wakidhani watacheza kwa Kiswahili pia, wanakwama siku hiyo hiyo. Boksi la Kiingereza lina vipande 100 vilivyopangwa kufuata Kiingereza: E ziko 12, A ziko 9, lakini K ni moja tu! Fikiria Kiswahili chenye K moja. Kikapu, kuku, kaka, kiatu, kila kitenzi kinachoanza na "ku". W ziko 2, Y 2, M 2. Halafu kuna Q na X ambazo hatuna pa kuziweka. Viko vipande viwili vitupu vinavyosimama badala ya herufi yoyote, ila havitoshi. Anayetaka Scrabble ya Kiswahili akate kadibodi atengeneze herufi zake, aongeze K, A, U, W na M, apunguze E, atupe Q na X. Kwa mwalimu wa shule ya msingi hiyo ni zawadi nzuri kuliko boksi lenyewe.

Kanuni yangu: kama mchezaji lazima asome kadi ya Kiingereza kila zamu, na nyumbani kuna bibi au mtoto wa darasa la pili, achana nao. Michezo ya rangi, namba na picha haina shida hiyo. Ticket to Ride, wa kujenga reli kwenye ramani ya Amerika Kaskazini, una majina ya miji na rangi za mabehewa, basi. Akielekezwa mara moja, hata asiyejua Kiingereza anacheza.

HATUA YA 4: Muda

Ludo, Nyoka na Ngazi, UNO: mchezo unaisha, watu wanaenda kula. Monopoly, ile ya kununua viwanja na kulipana kodi, inaweza kula jioni nzima, na anayefilisika mapema anakaa akitazama wenzake. Mimi siipendi kwa zawadi ya familia, nasema wazi, ingawa najua ina wapenzi wake.

HATUA YA 5: Dukani, fungua boksi

Iwe ni Majengo, soko la machinga, steshenari au supamaketi, omba lifunguliwe. Muuzaji akikataa, nenda kwa jirani yake. Hesabu:

Ludo: kete 16, nne kila rangi, na dadu.
Drafti ya ubao wa 8 kwa 8: kete 24.
Chesi: 32.
Dhumna: vipande 28.
Karata: 52 pamoja na jokeri.
Keram: vipande 19, yaani 9 vyeusi, 9 vyeupe na malkia mmoja mwekundu, pamoja na kile kikubwa cha kupigia.
Bao la Kiswahili: mashimo 32, kete 64.

Dadu ina kipimo chake. Pande mbili zinazotazamana lazima zitoe jumla ya 7: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4. Zipo dadu za ovyo zenye namba zilizorudiwa, na mtoto anaweza kucheza likizo nzima akisubiri sita isiyokuwepo. Kwa chesi, weka ubao mezani: kona ya mkono wako wa kulia iwe nyeupe.

Kwa bao la mbao, tazama ncha mbili za ubao na uulize kama mbao ilikauka kabla ya kuchongwa. Hewa yetu ya kanda ya kati ni kavu miezi mingi. Mbao mbichi iliyochongwa sehemu yenye unyevu ikifika hapa inajikunja au inapasuka kwenye mashimo. Pitisha kidole ndani ya kila shimo, pasiwe na vibanzi vya kuchoma mkono. Ubao mzito kuliko unavyotarajia, mashaka: huenda haujakauka.

Keram nayo inataka ubao unaoteleza, na vumbi la hapa halina huruma. Ukiitoa zawadi, ambatanisha kitambaa cha kufunika.

Unaagiza kutoka Kariakoo kwa basi? Mwambie muuzaji apige picha ya vipande vyote vikiwa vimemwagwa mezani kabla hajafunga mzigo.

HATUA YA 6: Toa mchezo pamoja na sheria

Hii ndiyo ya muhimu kupita zote na ndiyo watu wanairuka. Andika sheria kwa Kiswahili, ukurasa mmoja wa mkono unatosha, peleka steshenari wakupigie laminesheni, weka ndani ya boksi. Andika namna ya kupanga, nani anaanza, zamu inakwendaje, mshindi ni nani. Halafu siku ya kutoa zawadi kaa ucheze raundi ya kwanza. Raundi hiyo kadi zote ziwe wazi na mtu aruhusiwe kurudisha alichocheza.

Mkubaliane mapema sheria ipi inafuatwa. Drafti ya kijiweni kwetu kingi (kete iliyofika mwisho wa ubao) anakimbia mstari mzima, wakati sheria za Kiingereza zilizoandikwa kwenye boksi zinampa hatua moja tu. Wajomba wawili wakigundua tofauti hiyo katikati ya mchezo, pilau linapoa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Watatu, Kisasa: Nina wa miaka 4, 8 na 13. Mkubwa anasema michezo ya wadogo inamchosha. Ninunue mmoja au mitatu?

Jibu: Mmoja, dada yangu. Chukua ludo, lakini mkubwa mpe kazi ya kucheza rangi mbili peke yake dhidi ya wadogo na wewe. Ataacha kulalamika akianza kufukuzwa. Huyo wa miaka 4 akae na wewe, yeye ndiye mrusha dadu.

Kijana wa UDOM: Shikamoo mkuu. Nakwenda kujitambulisha ukweni Kongwa tarehe 27. Mzee anapenda bao. Nimpelekee?

Jibu: Marahaba. Mpelekee, ila kwanza mtume mchumba aulize mzee anacheza bao gani, maana sheria hubadilika mkoa kwa mkoa na ubao si mmoja kila mahali. Kama ni bao la Kiswahili, jifunze kupanga kabla hujafika: kete 6 kwenye nyumba, ambayo ni shimo la tano kutoka kushoto kwenye safu ya mbele, halafu 2 na 2 kwenye mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 zinabaki ghala. Ukiwa mgeni kabisa, mwombe mzee akuanzishe na bao la kujifunza, lile la kete mbili mbili kila shimo tangu mwanzo. Kumwomba mzee akufundishe ni adabu, na siku ya kwanza hutamfunga hata ukitaka.

Mwalimu, Mpwapwa: Monopoly tayari ninayo. Inachukua saa nne. Nifanyeje?

Jibu: Soma sheria ya mnada, mwalimu. Mtu akitua kwenye kiwanja kisicho na mwenyewe akakataa kununua, kinapigwa mnada pale pale. Wengi hawafanyi hivyo, viwanja vinakaa bila wenyewe na mchezo haumaliziki. Pia acheni ule mtindo wa kuweka faini katikati ya ubao ili mtu azichukue. Haumo kwenye sheria, unawarudishia pesa waliokuwa wanakaribia kufilisika.

Mwanachama, Nkuhungu: Familia yetu wanaona karata ni kamari. Nifanyeje?

Jibu: Usibishane nao siku ya sikukuu. Drafti, dhumna au ludo.

Mjukuu, Kondoa: Bibi haoni vizuri siku hizi. Kuna mchezo anaoweza?

Jibu: Bao. Kete zinahesabika kwa vidole na mashimo yanashikika. Chagua ubao wenye mashimo ya kina na kete kubwa, na mpinzani ataje kwa sauti alipoanzia na alipoishia. Dhumna zenye nukta zilizochimbwa nazo zinafaa, zile za kuchorwa tu hapana.

Mtoto wa Mjini: Ludo ipo kwenye simu bure. Kwa nini ninunue?

Jibu: Simu moja, watoto wanne, chaji asilimia 9. Jibu unalo mkuu.

Mama Mdogo, Chamwino: Tukipoteza vipande huku hakuna duka la kununua vingine. Tunafanyaje?

Jibu: Drafti, vifuniko vya soda, nusu viangalie juu nusu chini. Bao, mbegu za ubuyu, zipo tele huko kwenu, zioshe na kuzikausha. Dadu ndiyo ngumu kidogo: andika 1 hadi 6 kwenye vikaratasi sita, vikunje, tia kwenye kikombe, mtu achomoe kimoja. Ila kila mara kirudishwe kikombeni kabla hajachomoa mwingine. Kisiporudishwa, sita haitoki mara mbili mfululizo, na hiyo itakuwa ludo nyingine.