Kutoka Nakuru hadi Paa la KICC

KICC (Kenyatta International Convention Centre), jengo la mikutano la ghorofa 28 lenye urefu wa mita 105, lilifunguliwa Nairobi mwaka 1973. Kutoka Nakuru ni takriban kilomita 160. Panda matatu ya alfajiri. Epuka kurudi Ijumaa jioni, msongamano hula saa nyingi.

Piga simu kwanza, kwani paa hufungwa kukiwa na mikutano mikubwa. Beba kitambulisho: hukaguliwa langoni, na ndicho kinachokupa bei ya mkazi.

Lifti haifiki juu kabisa. Hatua za mwisho ni ngazi, kwa hivyo viatu vya visigino virefu vitakutesa. Paani hakuna kioo. Upepo ni mkali, basi vaa sweta, funga kamba ya simu mkononi na uache kofia chini.

Asubuhi anza na upande wa magharibi: jua likiwa mgongoni, Uhuru Park na vilima vya Ngong hutoka vizuri pichani. Julai na Agosti mawingu hutanda chini hadi adhuhuri. Januari na Februari ndiyo miezi bora. Droni bila kibali hairuhusiwi.