Somo: Kuchagua dizeli ya trekta dogo, kuanzia pampu hadi tangi

Msimu unakaribia na maswali ya mafuta yameanza kumiminika, basi nayajibu kwa mpigo mmoja. Somo ni la wenye matrekta ya nguvufarasi 20 hadi 45 hivi hapa Uganda, yale ya kulima, kufyeka na kuvuta tela. Vyuma vya ndani ya pampu ya injekta, ile inayosukuma dizeli kwenye injini, hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita humo, na nafasi kati yake ni mikroni chache tu, yaani sehemu chache za elfu za milimita. Maji au mafuta ya taa ambayo lori kuukuu lingeyameza na kukohoa kidogo, trekta dogo huyalipia kwa pampu nzima.

Hatua ya 1: Soma kitabu, kisha angalia bomba la moshi

Kitabu cha trekta kitakueleza habari za dizeli Namba 1 na Namba 2. Namba 1 ni nyepesi, ya nchi ambako baridi hugandisha nta iliyomo kwenye dizeli ya kawaida. Kwetu baridi hiyo haipo, hata kule milimani Kabale alfajiri. Ya pampu zetu ni ya kundi la Namba 2, kwa hiyo ruka ukurasa huo.

Ule wa salfa usiuruke. Tangu 2015 kiwango cha Afrika Mashariki ni salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Marekani ni 15, Ulaya 10. Injini ya kawaida haina shida na 50. Shida ni trekta la mtumba la miaka ya karibuni lililotengenezewa soko la Marekani au Ulaya: likizidi nguvufarasi 25, mara nyingi lina kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi, na mtengenezaji anadai 15 kushuka chini. Ukilitilia ya 50, kichujio kinadhoofika katika kujisafisha. Muulize muuzaji jambo hili kabla ya kuuliza bei. Mimi ningechukua lisilo na kichujio, hata kama ni la zamani kidogo.

Hatua ya 2: Muuzaji kwanza, bei baadaye

Mafuta yetu mengi hushukia Mombasa, hupita kwenye bomba hadi magharibi mwa Kenya, kisha huja kwa malori kupitia mipaka ya Malaba na Busia. Tangu Julai 2024 mwagizaji ni UNOC, kampuni ya taifa ya mafuta. Kwa hiyo dizeli ya kituo hiki na ya kile huenda ilitoka kwenye meli moja, na tofauti inazaliwa njiani au ndani ya tangi la chini ya ardhi. Kinachochanganywa sana ni mafuta ya taa, maana kodi yake ni ndogo. Ndiyo sababu kuna mpango wa alama: mafuta hutiwa kemikali isiyoonekana kwa macho, na wakaguzi huipima vituoni kuona kama imepungua.

Wewe kipimo hicho huna, ila una macho. Nenda kituo kinachojaza malori na mabasi kutwa, maana pale dizeli haikai. Dai risiti kila mara. Ukikuta lori linashusha mafuta, ondoka urudi kesho, kwa sababu tope la chini ya tangi limevurugwa. Na ile dizeli ya jerikeni kando ya barabara kuu, iliyonyonywa kwenye matangi ya malori, siinunui hata kwa nusu bei.

Hatua ya 3: Chupa

Tia dizeli kwenye chupa safi ya kioo, iache itulie mpaka kesho yake. Weka gazeti nyuma ya chupa: dizeli nzuri inakuruhusu kusoma herufi. Ikiwa na ukungu, ina maji. Inamisha chupa polepole, na ukiona tone linabingirika chini peke yake bila kuchangamana, hayo ni maji pia.

Mafuta ya taa hayaonekani kwenye chupa. Yatajionyesha shambani: injini ya baridi inawaka vizuri, ikishapata moto inakosa nguvu, na ukiizima inagoma kuwaka tena. Pampu iliyochakaa nayo hufanya hivyohivyo, kwa hiyo badilisha kituo kwanza kabla ya kumruhusu fundi kufungua kitu.

Hatua ya 4: Kubeba na kuhifadhi

Hapa ndipo wengi tunaharibikiwa, na mwenye kituo anasingiziwa bure. Jerikeni ya dizeli iwe ya dizeli tu. Iliyowahi kubeba maji, maziwa au dawa ya magugu isikaribie trekta. Pipa la mabati usilitumie: zinki humenyuka na dizeli na kufanya uchafu kama sabuni unaoziba filta. Shaba vilevile. Plastiki nzito ya mafuta au pipa la chuma lisilopakwa zinki ndiyo sawa.

Pipa likae kivulini, limeinuliwa upande mmoja ili maji na takataka vikusanyike kona moja. Likijazwa, liache siku nzima kabla ya kuchota, na mpira wa kunyonyea usiguse chini. Faneli iwe na wavu mwembamba. Kitambaa cha kanga kinaacha nyuzi, nazo zinaishia kwenye filta. Nunua dizeli ya msimu mmoja tu. Kwenye joto letu ikikaa miezi mingi huzeeka, na penye maji vijidudu huota na kutoa utelezi mweusi.

Tangi la trekta lijaze jioni baada ya kazi. Tangi tupu hujaa hewa, usiku hewa hiyo inapoa, unyevu wake unageuka maji.

Hatua ya 5: Kikombe cha kioo

Matrekta mengi madogo yana kikombe cha kioo chini ya filta, na ndani yake pete nyekundu ya plastiki. Dizeli ni nyepesi kuliko pete, maji ni mazito kuliko pete. Pete ikilala chini, uko salama. Ikielea, funga bomba la mafuta, fungua kikombe, mwaga, futa, rudisha, fungua bomba, kisha fungua skrubu ya hewa mpaka dizeli itoke bila mapovu. Angalia kila asubuhi, ni kazi ya kuinama tu. Filta yenyewe vitabu vingi husema saa 400, lakini kwa vumbi letu mimi nasema 200.

Maswali ya wanachama

Mkulima wa Kapchorwa: Mwalimu, asubuhi trekta langu linatoa moshi mweupe na kuchelewa kuwaka. Ni dizeli mbaya?

Jibu: Kaka, huko uko juu sana na asubuhi ni baridi. Kipimo kinachohusika ni setani, yaani wepesi wa dizeli kuwaka ikigandamizwa. Watengenezaji wengine wanataka angalau 45, na kupita mita 1,500 wanashauri zaidi ya 50. Anza na plagi za joto: moja ikifa, silinda yake haiwaki. Zikiwa nzima, jaribu ile dizeli ya bei ya juu yenye viongezo, tangi moja, ulinganishe.

Mama wa Lira: Nina kinu cha alizeti. Siwezi kuchanganya mafuta yangu kidogo?

Jibu: Mama, hapana. Mafuta ya kupikia ni mazito, huacha masizi kwenye injekta. Dizeli ya mimea inayokubalika imepitishwa kiwandani na kuondolewa gliserini, na watengenezaji wengi huishia asilimia 5. Alizeti yako ikiuzwa sokoni itakununulia dizeli na chenji itabaki.

Mwanachama wa Masindi: Kwenye video nimeona wakulima wa Uingereza wakitia dizeli nyekundu. Sisi tunaipata wapi?

Jibu: Ni dizeli ileile, imetiwa rangi kwa sababu ya unafuu wa kodi ya kilimo kwao. Hapa trekta na lori hujaza pampu moja kwa bei moja. Anayekuuzia nyekundu Masindi, muulize imetoka wapi.

Mwanachama wa Hoima: Mafuta ya hapa kwetu yakianza, si tutachota karibu?

Jibu: Yatakayotoka kwenye visima ni mafuta ghafi, na bomba la kilomita 1,443 linayapeleka Tanga kuuzwa nje. Ili yawe dizeli yanahitaji kiwanda cha kusafisha. Hicho cha Kabaale, hapo Hoima, kikisimama, tutazungumza.

Kijana wa Bweyale: Dereva ametia petroli lita tano kwa makosa. Tangi lilikuwa nusu. Niongeze dizeli juu?

Jibu: Usiongeze, na usiwashe, hata kulisogeza. Petroli hailainishi pampu. Toa betri, mwaga tangi lote mbali na moto, mwaga na kikombe, badilisha filta, tia dizeli safi, fukuza hewa. Kama tayari ameliwasha, niambie limetembea dakika ngapi.