Unafungua darasa la sanaa Kisumu? Hivi ndio watu wenye ulemavu wataingia

Wengi wakipanga darasa la kuchora, ngoma ama drama huanza na kununua rangi. Mimi nakwambia anza na bango, juu hapo ndio watu hufungiwa nje na wewe hujui. Ukirusha picha tupu kwa grupu ya WhatsApp, mtu asiyeona ambaye simu yake inamsomea maandishi hapati hiyo stori yote, kwa hivyo chapa maneno yenyewe chini ya picha: siku, saa, mahali, pesa ngapi. Na ukiandika "piga simu" peke yake umewakosa viziwi, ongeza kwamba meseji pia inakubalika. Halafu uliza kitu kimoja tu: "Unahitaji nini ndio ushiriki vizuri?" Usiulize mtu ana shida gani ama alizaliwa hivyo, hiyo haikuhusu.

Mahali, enda ujionee mwenyewe. Mwenye ukumbi atakwambia "hapa hakuna shida", kumbe choo kiko nyuma, unapanda ngazi na mlango ni mwembamba hata mtu mnene anapita kando. Beba tepu: mlango upite sentimita 80, na kama kuna ngazi weka njia ya mteremko, kila sentimita 1 ya kupanda inataka 12 za urefu, yaani ngazi ya sentimita 15 ni ubao wa karibu mita 1.8. Fundi wa mbao pale soko la Kibuye anaitengeneza lakini mpe hiyo hesabu kabla hajashika msumeno, ukimwachia atakuletea kitu cha kuteleza watoto. Na bajeti iwe na nauli, juu mtu wa kiti cha magurudumu mara nyingi matatu inampita tu na anabaki kukodi tuktuk nzima. Mtu akikuuliza mbona unajisumbua hivi, mwambie Katiba ya 2010 kifungu cha 54 imeandika hii kama haki, si msaada.

Sasa kuchora. Watu hudhani asiyeona hawezi kuchora, hapana, anakosa tu mstari wa kugusa. Chukua plaiwudi yenye ukubwa wa karatasi, tandaza juu yake ule wavu wa waya wa kuzuia mbu dirishani, uvute ukaze kabisa, pigilia misumari midogo kando kando kisha funika kingo na tepu nzito maana zile waya zinadunga vidole vibaya. Weka karatasi juu, bana pembe zisihame, sasa chora na krayoni ukikandamiza. Mstari unatoka na vipele vidogo, ukipitisha kidole unausikia, na mwenye kuchora anajua ameanzia wapi na wapi bado hajafunga. Mwanzo mwache ajaze ukurasa na mistari tu, usimkimbize kuchora nyumba. Ile mambo ya kumshika mkono umchoree wacha kabisa, hiyo inakuwa ni kazi yako. Udongo wa kufinyanga nao hauhitaji ufundi mwingine, na ukitaka mifano leta vinyago vya mawe ya Kisii kutoka Tabaka, wapitishe mkono kwa mkono.

Mwenye mkono usioshika vizuri, funga brashi na mpira wa tyubu ya baiskeli hadi iwe nene, karatasi igande mezani na tepu. Mwenye ualbino usimkalishe akitazama dirisha, mwanga unamuumiza macho, na ukichapisha kitu herufi ziwe kubwa.

Ngoma ndio naipenda zaidi. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, Waluhya wa Kakamega, ile UNESCO iliandika 2014 kama urithi unaohitaji kulindwa haraka, inapigwa kwa nguvu hadi unaisikia kifuani, na hapo kiziwi hayuko nyuma ya mtu. Shida ni sakafu ya simiti, inameza mtetemo. Panga palati, zile fremu za mbao za kupakia mizigo, weka plaiwudi juu, wavue viatu, ngoma zikae hapo hapo kwa mbao. Kiongozi asimame mahali wote wanamwona, aonyeshe kuanza na kusimama kwa mkono, kupiga kelele "haya sasa!" hakusaidii.

Drama ikiwa na mkalimani wa lugha ya ishara mpe skripti mapema, asije kukutana na methali na nyimbo jukwaani. Onyesho refu linataka wawili wapokezane, na wasimame karibu na waigizaji penye mwanga, si kule pembeni karibu na spika. Na tafadhali usichukue binamu yako aliyejifunza alfabeti kwa simu. Kwa wasioona, wafungulie jukwaa kabla ya shoo waguse nguo na vifaa na wasikie sauti ya kila mwigizaji, baadaye hawatapotea.

Mwisho ni makofi: usimpigie mtu ya huruma. Kama picha ni mbaya sema ni mbaya na uonyeshe pa kurekebisha, venye ungeambia mwingine yeyote. Na ukipata mwalimu kiziwi wa ngoma ama mfinyanzi asiyeona, mlipe kiwango kile kile cha walimu wengine, M-Pesa siku hiyo hiyo, si cheti na soda.